Agha Hasan Abedi: Mwasisi wa BCCI, benki iliyowakaribisha wafanyabiashara na kuondoka na fedha zao

Ijumaa ya Julai 5, mwaka 1991, saa saba mchana kwa saa za London, ambayo ni saa tisa alasiri huku Afrika Mashariki, wafilisi wa muda walioteuliwa na mahakama kwa ombi la Benki Kuu ya Uingereza waliingia katika ofisi za Bank of Credit and Commerce International na kuwataka wafanyakazi waache kila kitu mezani. Wakati huo huo amri kama hiyo ilikuwa ikitekelezwa Luxembourg, Visiwa vya Cayman na kwingineko. Benki hiyo, iliyojulikana kwa kifupi cha BCCI, ilikuwa na matawi karibu 400 katika nchi zaidi ya 70, Kenya ikiwa mojawapo, na vitabu vyake vilionyesha mali ya zaidi ya dola za Kimarekani bilioni 20.

Kwa mtu mwenye mzigo baharini, maana ya amri ile ilikuwa moja. Hundi iliyokuwa njiani haikulipwa. Barua ya dhamana ya malipo, ile ambayo wengi wanaiita LC tu, ikawa karatasi isiyo na wa kuiheshimu. Aliyekuwa ameweka fedha za kulipia ushuru wa forodha siku ya Jumatatu alikuta mlango umefungwa.

Aliyeijenga benki hiyo, Agha Hasan Abedi, alikuwa Karachi, Pakistan, mgonjwa wa moyo mwenye umri wa miaka 69. Alikuwa ameshaachia uongozi. Miaka mitatu baadaye mahakama ya Abu Dhabi ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo ambacho hakukitumikia hata siku moja.

MTOTO WA LUCKNOW

Abedi alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Lucknow, kaskazini mwa India, wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Kishia na ilikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Raja wa Mahmudabad, mmoja wa wamiliki wakubwa wa ardhi wa sehemu hizo. Haikuwa familia ya matajiri bali ya watumishi wa matajiri, na kijana huyo alijifunza mapema namna ya kuingia kwa mkubwa, kuzungumza naye na kutoka akiwa amekubaliwa. Wengi waliomfahamu baadaye walisema kipaji hicho ndicho kilichokuwa mtaji wake wa kwanza.

Alisoma fasihi ya Kiingereza na sheria katika Chuo Kikuu cha Lucknow. Mwaka 1946 aliajiriwa na Habib Bank, benki changa ya Waislamu iliyokuwa Bombay. Mwaka uliofuata India iligawanyika, Pakistan ikazaliwa, na benki ikahamia Karachi pamoja na wafanyakazi wake, Abedi akiwa miongoni mwao. Alianza maisha upya katika nchi mpya kama walivyoanza mamilioni ya wengine.

Mwaka 1959, kwa fedha za familia ya Saigol, wenye viwanda vya nguo, alianzisha United Bank. Katika muda wa miaka michache ikawa ya pili kwa ukubwa miongoni mwa mabenki binafsi ya Pakistan. Alichokifanya hakikuwa cha ajabu, lakini mabenki mengine hayakuwa yakikifanya. Mteja alipokewa vizuri, ofisi zilipendeza, na meneja wa tawi alitoka nje kutafuta biashara badala ya kuisubiri imjie na kofia mkononi.

MAFUTA YA GHUBA

Katikati ya miaka ya 1960 Wapakistani wengi walikuwa wameanza kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ujenzi na bandari. Fedha walizotuma nyumbani zilikuwa biashara nzuri, na Abedi aliiona kabla ya wengine. Alifika Abu Dhabi, ambayo wakati huo haikuwa na barabara nyingi za kuzungumzia, na kujenga urafiki na Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan, aliyekuwa mtawala mwaka 1966. Sheikh alipokwenda Pakistan kuwinda kwa mwewe, ni watu wa Abedi waliohakikisha magari, nyumba, chakula na vibali viko tayari. Mabenki ya Kizungu yalisubiri mapato ya mafuta yaongezeke ndipo yaje. Huyu alikuwepo tayari.

Nyumbani mambo yalibadilika. Vita vya mwaka 1971 vilizaa Bangladesh, Zulfikar Ali Bhutto akashika madaraka, na ikawa wazi kwamba mabenki yatachukuliwa na serikali. Abedi aliwekwa kizuizini nyumbani kwake kwa muda. Mabenki ya Pakistan yalitaifishwa rasmi Januari 1974, lakini kufikia hapo alikuwa na chombo kingine kinachoelea mbali na mkono wa serikali yoyote.

BCCI iliandikishwa Luxembourg mwaka 1972 kwa mtaji wa dola milioni 2.5 tu. Bank of America ilichukua robo ya hisa, na nyingi ya zilizobaki zilikwenda kwa Sheikh Zayed na matajiri wengine wa Ghuba. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne. Fedha zilizofurika Abu Dhabi zilihitaji mahali pa kukaa, na rafiki wa zamani alikuwa na benki.

BENKI YA WALIOKATALIWA

Ni rahisi leo kumtazama Abedi kama mwizi aliyejificha nyuma ya tai, lakini ili kuelewa kwa nini wafanyabiashara walimfuata ni lazima kukumbuka mabenki ya wakati ule yalivyokuwa. Mwenye duka wa Kiasia aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka huo huo wa 1972, akafika Uingereza bila kitu, hakuwa na la kumwambia meneja wa benki wa Kiingereza. Hakuwa na nyumba ya kuweka rehani wala historia ya akaunti. Vivyo hivyo mwagizaji wa mchele wa Lagos, au muuza vipuri wa Karachi. Benki kubwa za Ulaya ziliwafungulia LC kwa kudai wafunike thamani yote kwa fedha taslimu, na zilichukua wiki kadhaa.

BCCI ilisema njoo. Meneja alizungumza Kiurdu, Kigujarati au Kiarabu. Uamuzi ulitolewa siku ile ile. LC ilifunguliwa haraka, hati za shehena zilishughulikiwa bila kuzungushwa, na fedha zilihama kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kasi ambayo wengine hawakuiweza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza pekee ilikuwa na matawi zaidi ya 40 ya benki hiyo. Kwa mtu ambaye faida yake inategemea kontena kutoka bandarini kabla ya gharama za kuchelewa kuanza kuhesabika, hayo hayakuwa mambo madogo.

Abedi aliita kazi hiyo ukombozi wa Dunia ya Tatu. Kila mwaka aliwakusanya mameneja wake na kuwahutubia kwa saa nyingi kuhusu unyenyekevu, kutoa na uhusiano wa roho na kazi, kwa lugha iliyokuwa karibu zaidi na ya sheikh wa tarika kuliko ya mwenye benki. Kulikuwa na wasioelewa lolote, na kulikuwa na waliolia. Jambo moja halikujitokeza sana katika hotuba hizo, nalo ni nani hasa aliyekuwa akikagua mikopo.

MELI ZA GOKAL

Shimo lilianzia kwenye usafirishaji, na hii ndiyo sehemu ambayo wenye malori na meli wangepaswa kuijua zaidi.

Mteja mkubwa kuliko wote wa BCCI alikuwa familia ya Gokal, ndugu watatu waliomfahamu Abedi tangu enzi za United Bank. Kampuni zao zilijulikana kama Gulf Group. Katikati ya miaka ya 1970 nchi za Ghuba zilikuwa zikijenga kila kitu kwa mara moja, saruji na nafaka zilimiminika, bandari zilijaa na nauli za meli zilikuwa juu sana. Ndugu hao walinunua meli baada ya meli, na BCCI ililipia. Hadi mwisho wa mwaka 1977 mikopo kwa kundi hilo ilikuwa takriban mara tatu ya mtaji wote wa benki. Benki yenye akili huweka kikomo cha mkopo kwa mteja mmoja kama sehemu ndogo ya mtaji wake, kwa sababu mteja huyo akianguka benki isianguke naye. Hapa mteja mmoja alikuwa ameshaizidi benki.

Kisha nauli zikashuka. Msongamano wa bandari uliisha, meli mpya zilizoagizwa wakati wa neema zikaingia majini zote kwa pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 biashara ya meli duniani iliingia katika mdororo mbaya. Kila aliyewahi kununua lori kwa mkopo wakati nauli ziko juu anaijua hesabu hiyo. Chombo kinaendelea kudai mafuta, mishahara na matengenezo, mkopo unaendelea kudai riba, lakini mzigo haulipi tena.

Benki ya kawaida ingekamata meli, ikaziuza kwa hasara na kuandika hasara hiyo kwenye vitabu. Lakini kuiandika kungeonyesha kwamba mtaji wa BCCI umekwisha, na benki isiyo na mtaji hufungwa. Bank of America, ambayo wakaguzi wake walikuwa wameona mikopo hiyo, ilianza kuuza hisa zake na kufikia 1980 ilikuwa imetoka. Ilijitoa kimya kimya. Wenye amana hawakuambiwa sababu.

Abedi na msaidizi wake mkuu, Swaleh Naqvi, walichagua kuficha. Mkopo mbovu ulipofika wakati wa kulipwa, mkopo mwingine ulifunguliwa kwa jina la kampuni nyingine, fedha zake zikaingizwa kulipa ule wa kwanza, na kwenye vitabu ikaonekana mteja analipa vizuri. Akaunti za Gokal ziliongezeka hadi mamia. Palikuwa na kitengo maalumu ambacho kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza nyaraka za kuonyesha biashara ambayo haikuwepo. Mikataba iliandikwa, mihuri ikagongwa, na barua za kuthibitisha madeni zikatayarishwa ili mkaguzi akiuliza apate jibu. Naqvi alitunza maelfu ya mafaili ya shughuli hizo mahali pake mwenyewe, mbali na kumbukumbu za benki.

Mwaka 1985 likafunguka shimo la pili. Idara ya hazina ya benki, iliyokuwa ikicheza biashara ya hatima na haki za kununua na kuuza katika masoko ya fedha, ilikutwa na hasara ya mamia ya mamilioni ya dola. Nayo ikafunikwa. Safari hii zilitumika amana za wateja ambazo hazikuandikwa kabisa kwenye vitabu. Mteja alipewa risiti na alipokea taarifa ya akaunti yake, lakini katika hesabu za benki deni hilo halikuwepo.

KILA MLINZI NA CHUMBA CHAKE

Swali linaloulizwa hadi leo ni vipi jambo kubwa namna hiyo liliweza kudumu kwa zaidi ya miaka kumi. Jibu liko kwenye namna benki ilivyojengwa. Kampuni mama ilikuwa Luxembourg. Chini yake kulikuwa na benki mbili, moja ya Luxembourg na nyingine ya Visiwa vya Cayman, na makao halisi ya kazi yalikuwa Leadenhall Street, London. Hadi mwaka 1987 benki hizo mbili zilikaguliwa na makampuni mawili tofauti, kila moja ikiona nusu ya vitabu. Mkopo uliotaka kufichwa ulihamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla ya siku ya kufunga hesabu.

Luxembourg ilikuwa na ofisi ndogo ya usimamizi ambayo haikuweza kufuatilia matawi ya mabara manne. Uingereza ilisema benki si yake, ni ya Luxembourg. Cayman haikuuliza mengi. Pale ambapo kila nchi ilisimamia tawi lililokuwa ndani ya mipaka yake, hakuna aliyesimamia fedha zilipokuwa zikivuka mpaka. Mtu anayejua jinsi shehena inavyoweza kupotea kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule, kila kimoja kikiwa na karatasi zilizokamilika, ataielewa BCCI kuliko mchumi wa chuo kikuu.

Si kweli kwamba hakuna aliyeshuku. Benki Kuu ya Uingereza ilizuia matawi mapya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikakataa kuipa BCCI hadhi kamili ya benki. Lakini iliiacha iendelee kupokea amana, na hilo ndilo lililowagharimu wateja.

MARAFIKI NA SADAKA

Kadiri shimo lilivyoongezeka ndivyo jina la Abedi lilivyong'ara. Aliyekuwa Rais wa Marekani, Jimmy Carter, alikuwa rafiki yake na alisafiri naye katika miradi ya afya Afrika na Asia iliyopata fedha kutoka BCCI. Taasisi ya Dunia ya Tatu aliyoianzisha London ilitoa tuzo kwa viongozi wakubwa, na Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wa waliotunukiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuna anayedhani Mwalimu alijua yaliyokuwa ndani ya mafaili ya Naqvi. Abedi alielewa kwamba meneja wa Benki Kuu ya nchi changa akiona picha kama hiyo ukutani atasita kuuliza maswali magumu.

Lakini sadaka zenyewe zilikuwa za kweli. Fedha za BCCI ziliusaidia mradi wa Orangi, Karachi, ulioanza mwaka 1980 chini ya Akhtar Hameed Khan, ambapo wakazi wa mtaa mkubwa wa wasio na uwezo walijijengea mifereji ya majitaka. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya FAST, ambayo baadaye ilikuwa chuo kikuu chenye jina kubwa kwa masomo ya kompyuta, ilitokana na mchango huo huo. Ndiyo sababu hadi leo huko Pakistan wapo wanaomtaja kwa heshima na hawapendi kusikia neno mwizi. Wana haki ya kukumbuka mema. Ila mchango wa namna hiyo, benki ikiwa imeshafilisika kwa siri, hautoki kwenye faida. Hutoka kwenye akaunti ya mtu mwingine ambaye hakuombwa.

Marekani ndiko alikotaka kufika zaidi. Wasimamizi wa huko walikuwa wamemkatalia, hivyo mwaka 1982 kundi la wawekezaji wa Kiarabu lilinunua kampuni ya mabenki ya Washington iliyojulikana baadaye kama First American, likiahidi kwamba BCCI haitakuwa na mkono. Mwenyekiti aliyewekwa ni Clark Clifford, mwanasheria mzee aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi. Ukweli uliodhihirika baadaye ni kwamba baadhi ya wawekezaji walikuwa majina ya kuazima tu. Fedha za kununulia hisa zilitoka BCCI yenyewe, na mali ilikuwa yake. Mbinu hiyo hiyo ilitumika kwa hisa za BCCI, kiasi kwamba sehemu ya mtaji iliyoonekana kuchangwa na matajiri ilikuwa fedha za wateja zilizozungushwa.

MOYO UNASIMAMA

Mapema mwaka 1988 Abedi alipata mshtuko mkali wa moyo na kiharusi, akapandikizwa moyo London. Hakupata tena nguvu ya kuendesha benki. Naqvi alishika usukani wa gari ambalo breki hazikuwepo tangu zamani.

Oktoba mwaka huo, mjini Tampa, Florida, maofisa wa forodha wa Marekani walimaliza upelelezi wa muda mrefu kwa karamu ya harusi ya uongo. Waalikwa walikuwa maofisa wa BCCI na watu wa biashara ya kokeni, na bwana harusi alikuwa mpelelezi. Benki ilikiri kosa la kusafisha fedha haramu Januari 1990 na kulipa zaidi ya dola milioni 14. Ilijulikana pia kwamba Jenerali Manuel Noriega wa Panama alikuwa mteja. Kwa umma hii ndiyo ikawa sura ya BCCI, benki ya dawa za kulevya. Ukweli ni kwamba kokeni haikuiangusha. Iliangushwa na mikopo ya meli, hasara za hazina na vitabu vya uongo.

Mwaka 1990 serikali ya Abu Dhabi iliongeza hisa zake hadi asilimia 77 ikiamini inaokoa benki. Naqvi aliondolewa. Wakaguzi wa Price Waterhouse, sasa wakiwa na vitabu vyote, walipata mafaili yaliyofichwa, na ripoti yao ya Juni 1991 kwa Benki Kuu ya Uingereza ilieleza udanganyifu wa miaka mingi. Wiki chache baadaye milango ilifungwa. Abu Dhabi ililalamika kwamba mpango wake wa kuifufua benki haukupewa nafasi.

Nchini Uingereza bima ya amana wakati huo ililipa robo tatu ya paundi 20,000 za kwanza, yaani mwenye fedha nyingi kiasi chochote alipata paundi 15,000 na kusubiri. Mwenye duka aliyekuwa na akiba ya miaka ishirini na fedha za kulipia mzigo katika akaunti moja alipoteza vyote viwili kwa siku moja. Halmashauri ya Visiwa vya Magharibi vya Scotland ilikuwa na paundi milioni 23 ndani ya benki hiyo. Katika nchi nyingi za Afrika na Asia hapakuwa na bima ya aina yoyote, na jambo lilitegemea kama Benki Kuu ya hapo iliwahi kuzuia mali za tawi zisihamishwe kwenda London.

HUKUMU BILA MTUHUMIWA

Julai 29, 1991, mwendesha mashtaka wa Manhattan, Robert Morgenthau, alitangaza mashtaka dhidi ya Abedi, Naqvi na benki yenyewe, akiyaeleza kuwa ya udanganyifu mkubwa kuliko wowote katika historia ya mabenki. Desemba mwaka huo benki, ikiwa mikononi mwa wafilisi, ilikiri makosa na kuachia mali ya dola milioni 550 zilizokuwa Marekani.

Abedi hakuondoka Karachi. Pakistan ilikataa kumtoa. Abu Dhabi, ambayo ilikuwa imepoteza fedha nyingi kuliko mwingine yeyote, ilifungua kesi yake, na Juni 1994 mahakama iliwatia hatiani maofisa wa benki hiyo kwa udanganyifu na kughushi. Naqvi alipewa miaka 14. Abedi alihukumiwa miaka minane bila kuwepo mahakamani. Waliohukumiwa waliamriwa kulipa fidia ya takriban dola bilioni 9, kiasi ambacho kila mtu alijua hakitalipwa. Naqvi alikuwa ameshakabidhiwa kwa Marekani, ambako alikiri makosa na kupewa miaka 11.

Agha Hasan Abedi alifariki dunia Karachi Agosti 5, 1995, akiwa na umri wa miaka 73. Abbas Gokal, mmoja wa ndugu wale wa meli, alikamatwa Frankfurt mwaka 1994 akiwa safarini na mwaka 1997 mahakama ya London ilimfunga miaka 14.

Kamati ya Basel, inayokutanisha wasimamizi wa mabenki, ilitoa masharti mapya mwaka 1992: kila benki ya kimataifa iwe na msimamizi mmoja wa nchi yake anayeiangalia yote kwa pamoja, na nchi inayopokea tawi iwe na haki ya kulikataa kama msimamizi huyo hayupo. Benki inayoomba leseni leo katika nchi yoyote ya ukanda huu huulizwa nani anakagua kundi lake zima, na swali hilo lilizaliwa na kifo cha BCCI.

Wafilisi walifanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Abu Dhabi ililipa sehemu kubwa, wakaguzi wa zamani wakalipa nao, na wenye madai walirudishiwa zaidi ya robo tatu ya fedha zao, ingawa kwa mafungu na kwa miaka mingi mno kwa mwenye duka aliyeshafunga. Wafilisi hao waliishtaki pia Benki Kuu ya Uingereza kwa kuiacha BCCI ifanye kazi. Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 2004, ambapo maelezo ya ufunguzi ya mawakili peke yake yalichukua miezi mingi, na Novemba 2005 wafilisi wakaiondoa bila kupata kitu, baada ya gharama za mawakili za mamilioni ya paundi. Kazi yote ya ufilisi ilikamilika mwaka 2012.